Sikio na Usukani

Raj Reddy alizaliwa mwaka 1937 katika kijiji cha Katur, kusini mwa India. Alisomea uhandisi Madras, akavuka bahari hadi Australia, na mwaka 1966 akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, akifundishwa na John McCarthy. Swali lililomshika tangu ujana wake wa utafiti lilikuwa hili: mashine itamsikiaje mtu anayezungumza kwa kawaida, maneno yakifuatana bila kituo? Mwaka 1979 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Robotiki ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh. Humo ndimo yalimozaliwa magari ya Navlab, yaliyojifunza kushika njia bila mkono wa dereva. Wanaosimulia habari zake huyatenganisha mambo hayo mawili, usemi upande huu na magari upande ule. Mimi nauona ufundi mmoja tu, na ndio ninaousifu hapa.

Msikilize mtu akisema “baba”, kisha “dada”, kisha “gari”. Kinachozitenganisha b, d na g ni mabadiliko ya sauti yanayopita ndani ya vipande vidogo sana vya sekunde, tena hayatokei wakati uleule kila mara. Huyu anatamka kwa haraka, yule anavuta pumzi kwanza, wa tatu ana mafua. Mashine inayoingoja sauti katika nukta moja ya wakati itaikosa sauti hiyohiyo ikichelewa kidogo. Alex Waibel, aliyesomea uzamivu wake Carnegie Mellon, alilikabili tatizo hili katika maabara ya ATR nchini Japani akiwa na Geoffrey Hinton na wenzao wengine. Matokeo yao yalianza kutoka mwaka 1987. Walitengeneza mtandao wa neva unaoitafuta alama ileile katika kila kipande cha wakati, ili sauti ikitangulia au ikichelewa itambulike vilevile. Katika kuzitofautisha b, d na g za Kijapani mtandao huo ulipata asilimia 98.5, na mbinu ya takwimu iliyosifika wakati huo ikapata 93.7.

Sasa njoo barabarani. Mwishoni mwa miaka ya themanini Dean Pomerleau, mwanafunzi wa uzamivu Carnegie Mellon, aliunda mtandao wa neva alioupa jina ALVINN. Ulipokea picha hafifu ya kamera, pikseli 30 kwa 32, na kutoka humo ukaamua usukani ukatwe wapi na kwa kiasi gani. Hakuna aliyeuandikia kanuni za barabara. Ulijifunza kama utingo anavyojifunza, kwa kumtazama dereva akiendesha.

Lakini dereva hodari ana upungufu wake kama mwalimu. Hatoki njiani, kwa hiyo anayemtazama haoni kamwe namna ya kurudi njiani. Siku mwanafunzi atakapoteleza kidogo kuelekea ukingoni, atakuta mbele yake picha ambayo hajawahi kuonyeshwa, na kila kosa litamsogeza mbali zaidi na alichofundishwa. Pomerleau angeweza kumwambia dereva ayumbishe gari makusudi, jambo la hatari, na mashine ingejifunza pia kuyumba. Badala yake alichukua kila picha ya kamera akaigeuza kwa hesabu, mara barabara imesogea kulia, mara kushoto, mara gari limekaa mshazari, na kila picha ya namna hiyo akaiambatanisha na mkato wa usukani unaolirudisha gari katikati. Makosa yote muhimu yakafundishwa bila gari kukosea hata mara moja. Kwa njia hiyo mtandao uliweza kuizoea barabara mpya kwa kumtazama dereva dakika chache tu. Sijui ubunifu mwingine katika fani hii ulio mwepesi kueleza na mzito kwa maana kama huu.

Waibel alikuwa na sauti iliyosogea katika wakati, Pomerleau barabara iliyosogea katika macho ya kamera. Wote wawili walikuwa wakiifundisha mashine kwamba kitu kilichosogea bado ni kilekile. Wa kwanza aliuweka ujuzi huo ndani ya muundo wa mtandao, wa pili akauweka ndani ya mifano ya kufundishia.

Ufundi huu unadai pia kuuliza mashine imejifunza nini hasa. Mwaka 1991 Pomerleau alikuwa ndani ya gari la Humvee lililojiendesha vizuri mpaka lilipokaribia daraja, likageuka ghafla kwenda kando, akaudaka usukani. Alipochunguza aligundua kwamba mtandao ulikuwa ukifuata majani ya kando ya barabara. Darajani hakuna majani. Mtafiti asiye mwangalifu angeongeza picha za madaraja na kuendelea na safari. Yeye aliingia ndani ya mtandao kutafuta ulikuwa ukitazama nini. Miaka minne baadaye, mwaka 1995, yeye na Todd Jochem walisafiri kutoka Pittsburgh hadi San Diego, karibu kilomita 4,600, wakitumia programu mpya. Kompyuta ilishika usukani kwa zaidi ya asilimia 98 ya safari. Mafuta na breki zilibaki miguuni mwa binadamu, nao walilisema hilo waziwazi.

Narudi kwa Reddy, kwa sababu watu wa namna hii hawaoti wenyewe. Mwaka 1969, Reddy alipohamia Carnegie Mellon, John Pierce wa Bell Labs, mtu mwenye sauti kubwa katika sayansi ya mawasiliano, alichapisha barua akiukosoa vikali utafiti wa utambuzi wa usemi. Reddy hakuiacha kazi. Kikundi chake kiliunda Hearsay, iliyomwezesha mtu kucheza sataranji kwa kutaja hatua zake kwa mdomo. Chini ya paa hilohilo James Baker akaunda Dragon kwa njia ya takwimu, tofauti kabisa, na mwaka 1976 Harpy ya Bruce Lowerre ikachukua mazuri ya zote mbili, ikaelewa sentensi zilizojengwa kwa maneno 1,011. Baadaye mwanafunzi wa Reddy, Kai-Fu Lee, alitaka kuishika takwimu moja kwa moja. Lee amesimulia kwamba mwalimu hakukubaliana naye, ila alimpa msaada wote. Ikazaliwa Sphinx, iliyoelewa usemi wa mfululizo hata wa mtu ambaye haijawahi kumsikia. Tuzo ya Turing ya mwaka 1994, aliyoipata Reddy pamoja na Edward Feigenbaum, ilikuwa haki yake, lakini kwangu sifa yake kubwa ni kuwaachia wanafunzi njia ambazo yeye mwenyewe hakuziamini.

Mtoto huyo wa kijijini aliwakumbuka daima watu wasiojua kusoma, ambao kwao mashine inayosikia ina faida kuliko mashine inayoandika. Watu hao tunao, na lugha yao ni Kiswahili. Mtandao uliolelewa kwa sauti za watangazaji wa redio peke yao utapotea mbele ya bibi wa Lamu au fundi wa Lubumbashi, kama lile gari lilivyopotea darajani. Mradi wa Common Voice wa Mozilla unapokea sauti za Kiswahili kutoka kwa mtu yeyote mwenye simu na intaneti. Ingia, soma sentensi chache kwa lafudhi yako ya nyumbani, usiigize ya mtangazaji, kisha mkabidhi simu mama au mjomba naye asome.