Kesi ya Nyalgunga Darasani: Hoja, Ushahidi na Uandishi wa Kitaaluma katika Ukanda wa Ziwa

Makala haya yanakusudia kujadili jambo ambalo wengi wetu hulichukulia kuwa la kiufundi tu, nalo ni namna tunavyowafundisha wanafunzi kutafiti na kuchanganua hoja. Tunadai kwamba si la kiufundi. Katika tasnifu za Kiswahili zinazoandikwa kwenye ukanda huu wa Ziwa Viktoria, aghalabu mtahiniwa hujaza sura nzima kwa historia ya nadharia, akaandika sura nyingine ya muhtasari wa riwaya, kisha akahitimisha kwa sentensi inayoanza na "Ni wazi kwamba". Lau lingekuwa wazi, hapangekuwa na haja ya tasnifu. Sentensi ya pili anayoipenda mno ni "Kulingana na mila za Waluo", ikifuatwa na kauli isiyo na msemaji, mahali wala mwaka. Haifai kumcheka. Kauli ya aina hiyo iliwahi kuamua, katika mahakama za Kenya mnamo 1987, mwili wa mtu uzikwe wapi.

Chanzo cha udhaifu huu kinajulikana. Kozi ya lazima ya Stadi za Mawasiliano, ambayo hufundishwa kwa Kiingereza, humwonyesha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza jinsi ya kupanga marejeleo na kuandika aya. Kozi za fasihi nazo humpa dhamira, wahusika, mandhari na tamathali, vitu ambavyo tayari alivikariri kutoka kwenye miongozo ya shule. Hoja yenyewe huanguka katikati. Kimani Njogu na Rocha Chimerah katika Ufundishaji wa Fasihi: Nadharia na Mbinu (1999) walitupatia kwa Kiswahili msamiati mpana wa nadharia, na twawashukuru, lakini kuijua nadharia kwa jina si sawa na kuweza kuonyesha kwamba sentensi fulani inatokana na nyingine. Wala isisemwe kwamba mabishano yenye kanuni ni mambo ya kigeni kwetu. Washairi wa Kiswahili wamelumbana kwa karne nyingi, na mgogoro wa ushairi huru uliopamba moto baada ya Kichomi cha Kezilahabi (1974) ulikuwa, kabla ya kuwa mgogoro wa vina na mizani, mgogoro juu ya kipi kihesabiwe kuwa ushahidi wa "Uswahili" wa shairi.

Kwa ajili ya zoezi tunalolipendekeza, vyombo vichache vinatosha. Stephen Toulmin, mwanafalsafa Mwingereza, alipoandika The Uses of Argument (1958) hakuchukua mfano wake kutoka hisabati bali mahakamani. Kwake, hoja ina dai. Ina ushahidi unaoliunga dai. Na ina kiungo, yaani kanuni inayotuwezesha kuvuka kutoka kwenye ushahidi hadi kwenye dai. Kiungo nacho huegemea mhimili. Dai huwekewa kidhibiti, mathalani "yamkini" au "kwa kawaida", na hoja hukubali kwamba lipo kanusho linaloweza kuivunja. Mwanafunzi wetu huwa na dai, na mara nyingine huwa na ushahidi. Kiungo ndicho hukosekana, kwa sababu kinaishi kimya ndani ya "ni wazi".

Tuigeukie kesi. Silvano Melea Otieno, wakili mashuhuri wa Nairobi, alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Waiyaki Otieno, aliyekuwa Mkikuyu na mpiganaji wa zamani wa Mau Mau, alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, alikozaliwa. Tarehe 13 Februari 1987 Jaji Bosire wa Mahakama Kuu aliamua kuupendelea ukoo. Tarehe 15 Mei Mahakama ya Rufani iliuthibitisha uamuzi huo. Tarehe 23 Mei, siku 154 baada ya kifo, Otieno alizikwa Nyalgunga. Hayo kila mwanafunzi atokaye Alego au Gem ameyasikia akiwa mtoto, na ndiyo sababu kesi hii inafaa. Anadhani anaijua.

Kwa mwanafasihi, sehemu inayovutia mno ni ile ya usomaji. Upande wa mjane ulileta mahakamani habari za maisha ya Otieno: ndoa ya kiserikali, watoto waliolelewa mjini, na mapenzi yake kwa Shakespeare. Tusimame hapa. Kitabu alichokisoma mtu kimeletwa kama ushahidi kwamba sheria fulani haimhusu. Kiungo chake ni kipi? Lazima kiwe kitu kama hiki: asomaye na kuipenda fasihi ya taifa jingine amejitoa katika mila za baba yake. Kikisha kuandikwa waziwazi namna hiyo, mwanafunzi yeyote mwenye Hamlet mkononi na nyanya kijijini hukikataa papo hapo. Lakini kikisha kukataliwa, hakuna haki ya kuvuka upande wa pili na kusema kwamba basi mila inamfunga. Kiungo kibovu huangusha hoja iliyokibeba, wala hakiisimamishi hoja ya mpinzani. Tumeona watahiniwa wengi wakijikwaa hapa: humkosoa mhakiki mmoja kisha wakadhani wamemthibitisha mwingine.

Pana pia suala la neno, nalo latuhusu zaidi sisi wa Kiswahili. Ukoo ulisisitiza kwamba marehemu alikuwa na nyumba Nairobi lakini hakuwa na nyumbani huko. Katika Dholuo tofauti hii ni bayana: ot ni jengo la kulala, ilhali dala ni boma lililoanzishwa kwa taratibu zake, mwana akitoka katika boma la baba na kupiga ligala. Mahakama iliamua kwa Kiingereza, ambamo maneno mawili ya kawaida kabisa yalibebeshwa mzigo huo. Kiswahili kina hila yake: "nyumbani" ni "nyumba" ile ile yenye kiambishi cha mahali, hivi kwamba sarufi yetu inaelekea kusema kwamba penye nyumba pana nyumbani. Mwanafunzi anayeifasiri hoja ya ukoo kwa "nyumbani" ameidhoofisha bila kujua. Anayeifasiri kwa "boma" ameipa nguvu ambayo mpinzani hakuikubali. Kufasiri ni kuchagua upande, na tasnifu zetu, zinazotumia mahojiano ya Dholuo kila mwaka, huyapitia maneno haya kana kwamba ni vioo safi.

Tunadai zaidi: pande zote mbili zilitumia kiungo kimoja cha siri, kwamba mtu ama ni wa kisasa ama ni wa jadi. Upande mmoja uliorodhesha dalili za usasa, mwingine dalili za ujadi, na ubishi ukawa wa kuhesabu. Ajabu ni kwamba aliyekuwa na uwezo mkubwa wa kukivunja kiungo hicho alisimama kizimbani. Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mzaliwa wa Ugenya, alitoa ushahidi upande wa ukoo. Kwa miaka mingi alikuwa amewahoji wazee wenye busara nchini, akiwamo Paul Mbuya Akoko, na katika Sage Philosophy (1990) alitofautisha mwenye hekima wa jadi, ambaye hueleza kwa ufasaha yale yanayoaminiwa na watu wake, na mwenye hekima wa kifalsafa, ambaye huyapima na huweza kuyapinga akiwa bado ndani ya jadi. Ikiwa mtu wa pili yupo, basi mgawanyo wa kisasa na jadi umeanguka: jadi yenyewe ina wapinzani wake wa ndani. Lakini mahakama haikumhitaji Oruka wa wazee wanaobisha. Ilimhitaji shahidi wa kusema mila ni hii. Muundo wa swali ulimgeuza mtafiti wa sauti za mtu mmoja mmoja kuwa msemaji wa wote. Hatusemi haya kumlaumu. Twasema kwamba hojaji nyingi za wanafunzi wetu zimeundwa vivyo hivyo, na majibu yake kwa hivyo hayana mzee yeyote anayetofautiana na jirani yake.

Hukumu ya rufani yafaa kusomwa kwa ajili ya kidhibiti. Majaji walishikilia kwamba Mwafrika raia wa Kenya hana namna ya kujivua uhusiano na kabila la babake, ikiwa mila za kabila hilo ni za kufuata ukoo wa kiume. Sharti lipo, lakini ni la mila. Kwa mtu binafsi hakuna "kwa kawaida" wala "isipokuwa". Linganisha na kifungu cha 3(2) cha Sheria ya Mahakama ya 1967, ambacho kilizitaka mahakama ziongozwe na sheria za kimila pale zinapohusika na pale zisipopingana na haki na maadili. Mhimili una masharti kadhaa. Dai lililoegemezwa juu yake limebaki na moja. Mwanafunzi akiiona nafasi hiyo katika hukumu, ataiona pia katika uhakiki unaosema kwamba "riwaya ya Kiswahili ya kisasa" hufanya hivi au vile baada ya kusoma riwaya mbili. Na asiishie 1987: Katiba ya 2010, katika ibara ya 2(4), inabatilisha sheria yoyote, zikiwamo za kimila, inayokinzana nayo.

Baada ya matini yenyewe ndipo tuwape wahakiki. Patricia Stamp, katika makala yake ya 1991 kwenye jarida la Signs, aliisoma kesi kama siasa za jinsia na ukabila. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo katika Burying SM (1992) waliuliza jinsi maarifa kuhusu "mila" yanavyotengenezwa na nani ana mamlaka ya kuyatamka. Wengi wa wanafunzi huandika kwamba kazi hizi "zinakubaliana" au "zinapingana". Hakuna moja kati ya hayo. Ushahidi ni ule ule kwa sehemu kubwa; viungo ni tofauti. Kwa maoni yetu kitabu cha 1992 ni kipana zaidi na kinafundisha subira, lakini upana huo wakati mwingine humwachia mjane nafasi ndogo kuliko ile aliyoipata katika kurasa chache za Stamp.

Mtu ataniuliza: je, hii ni fasihi? Nauliza nami: mchimba kaburi aliyeieleza mahakama kwamba marehemu alimwambia anataka kuzikwa kando ya babake, na mjane aliyeeleza kwamba marehemu alimwambia kinyume, walikuwa wakifanya nini kama si kusimulia? Maneno ya mtu asiyekuwapo yanaletwa na wawili wenye maslahi, hakuna maandishi, na hadhira lazima ichague. Mwanafunzi wa fasihi simulizi amefunzwa kurekodi, kunakili na kuainisha tanzu. Ni nadra kuulizwa kwa nini amwamini fanani huyu na si yule. Hata akikimbilia maandishi, kama vile Luo Kitgi gi Timbegi cha Paul Mboya (1938), ambacho hunukuliwa kana kwamba ni mila yenyewe ikisema, atakuwa anamsoma mtu: chifu wa Karachuonyo chini ya serikali ya kikoloni, Mkristo Msabato, aliyechagua cha kuandika na cha kuacha. Zoezi la kwanza tunalolipendekeza kwa semina ya uzamili, basi, ni fupi. Mtahiniwa achukue sentensi moja kutoka pendekezo lake la utafiti inayoanza na "Kulingana na mila", aandike chini yake nani alisema, kwa lugha gani, akijibu swali gani, na nani hakuulizwa. Kisha aiandike upya.