Hukumu Juu ya Polly Farmer

Ipo hukumu moja ambayo sisi walimu huitoa kwa wepesi mno: fulani anaijua kazi yake, lakini hajui kuwafundisha wengine. Graham Farmer, maarufu kwa jina la Polly, mmoja wa wachezaji wakubwa wa kandanda ya Kiaustralia, alihukumiwa hivyo na wengi. Habari zake nilizisikia kwanza kwa mwalimu mwenzangu Mwaustralia tuliyefundisha naye chuoni, na tangu hapo sikuacha kuzifuatilia. Nataka kuipima hukumu hiyo, kwani mimi nami nimewahi kuitoa juu ya mtu.

Msomaji asiyeujua mchezo huo aelewe kwamba mpira wake una umbo la yai, na kila timu huingiza watu 18. Enzi za Farmer mwamuzi aliudunda mpira chini kwa nguvu, nao watu wawili warefu, mmoja wa kila timu, waliurukia wakigombea kuwapelekea wenzao. Farmer alikuwa mrukaji wa namna hiyo. Kuurusha mpira kwa mkono ni kosa. Huwekwa juu ya kiganja na kupigwa kwa ngumi ya mkono wa pili.

Alizaliwa mwaka 1935 Australia Magharibi, akiwa wa asili ya Wanoongar, wenyeji wa tangu kale wa nchi ile. Alilelewa katika nyumba ya watoto, na polio ilimwachia mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Zama zile pasi ya ngumi ilikuwa kimbilio la mchezaji aliyebanwa. Farmer aliigeuza kuwa silaha ya kushambulia. Husimuliwa kwamba aliizoeza mikono yake kwa kupitisha mpira katika dirisha la gari. Akiwa Geelong, timu iliyotwaa ubingwa mwaka 1963, alidaka mpira juu, na mara ulikuwa umekwisha kumtangulia mwenzake anayekimbia. Aliyesimama akisubiri aliukosa. Je, hilo si somo? Pasi ile iliwafundisha wenzake mahali pa kuwapo kabla mpira haujafika.

Mwaka 1968 alikwenda West Perth akiwa mchezaji na kocha kwa pamoja, akaipatia ubingwa mwaka 1969 na 1971. Kisha akastaafu kucheza, akarudi Geelong kuwa kocha kuanzia 1973 hadi 1975. Hapo ndipo hukumu ilipotoka, maana katika misimu hiyo mitatu timu haikufuzu kuingia michezo ya kuwania ubingwa hata mara moja. Watetezi wake hutaja mwaka 1977, alipoiongoza timu teule ya Australia Magharibi kuishinda Victoria kwa tofauti ya pointi 94. Mimi utetezi huo haunitoshi. Timu teule ni ya watu walioiva tayari, nayo hukutana kwa mchezo mmoja. Kufundisha hasa ni kumvumilia asiyeiva, msimu baada ya msimu. Kwa hiyo nusu ya lawama naikubali.

Nusu ya pili naikataa. Vikombe vile viwili vya West Perth alivipata akiwa ndani ya uwanja pamoja na wanafunzi wake, akiwaonyesha kwa mikono yake. Kumweka kando ya mstari atoe maelezo kwa maneno ni kama kumnyang'anya mwalimu chaki na ubao, kisha kumlaumu kwamba darasa halikuelewa.

Nami nilifanya hivyo hivyo. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilikuwa na mkufunzi wa hisabati ambaye wanachuo wa masomo mengine walikuwa wakisimama madirishani kumsikiliza. Nikadhani namtunza: nikamtoa darasani, nikamkabidhi ofisi ya taaluma. Ratiba zikamvurugika, mafaili yakarundikana. Baada ya miaka miwili niliandika katika taarifa yake ya siri kwamba hana uwezo wa kuwaongoza wengine. Aliomba uhamisho, nami nikautia saini bila hata kumwita tuzungumze. Sikuandika kwamba kosa la kumtoa darasani lilikuwa langu.

Mwaka 1957 Farmer alilingana kwa kura na mchezaji mwingine katika kugombea Medali ya Sandover, tuzo ya mchezaji bora wa ligi yao. Kanuni ya wakati ule ilimpa mwenzake. Mwaka 1997 ligi ilijisahihisha, ikampa naye medali ya mwaka ule. Ilichukua miaka 40, lakini yeye aliyefariki mwaka 2019 alikuwa hai kuipokea.

Mkufunzi wangu naye yu hai. Juma lililopita nilimwandikia barua. Imechelewa kwa miaka 26.