Santuri Iliyosahauliwa: "Jazz Sahara"

Wapenzi wa jazi huutaja mwaka 1959, mwaka wa "Kind of Blue" ya Miles Davis, kuwa ndio uliowafundisha wapigaji kutulia juu ya ngazi moja ya sauti. Husahau santuri iliyorekodiwa mwaka mmoja kabla yake, "Jazz Sahara" ya Ahmed Abdul-Malik.

Fundi huyu alikuwa mpiga besi wa Thelonious Monk. Hapa ameshika udi pia, pamoja na kanuni, fidla, dumbaki na tari. Sikio lililolelewa kwa taarabu ya Unguja litavitambua vyombo hivi mara moja. Mgeni ni saksafoni ya Johnny Griffin.

Piano haimo, na hiyo ndiyo busara ya kazi nzima. Maqam za Kiarabu huishi kwa robo za toni, na piano haizijui. Ingaliwekwa, ingaligombana na kanuni. Griffin, aliyesifika kwa mbio juu ya mafungu ya sauti yabadilikayo upesi, hapa hana pa kukimbilia. Pengine asikika kama mgeni aingiaye ukumbini na viatu vyake. Mimi naona heri hivyo kuliko upatanifu wa kughushi.

Abdul-Malik alijiita mwana wa Msudani, Robin D. G. Kelley ameonyesha, katika kitabu chake cha 2012, kwamba wazazi walitoka visiwa vya Karibi. Basi udi ule hakuurithi. Alijifunza Brooklyn, kati ya Waarabu wahamiaji, na fidla ya mmoja wao, Naim Karacand wa Aleppo, imo katika santuri.