Torenti Hugunduliwaje, na VPN Huvujia Wapi

Mfumo wa BitTorrent, uliobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001, haukukusudiwa kumficha mtu. Ili vipande vya faili vipatikane, kila kompyuta lazima ijitangaze. Programu ya torenti huiuliza traka, yaani seva inayoorodhesha washiriki, au mtandao wa DHT usio na seva kuu, ni nani walio na faili fulani, nayo hujibiwa kwa orodha ya anwani za IP na namba za poti. Kwa hiyo kampuni inayowatafutia ushahidi wenye hakimiliki haina haja ya kudukua chochote. Hujiunga na kundi la wanaoshirikiana faili hilo kama mpakuaji yeyote, huomba orodha, hupokea kipande kimoja au viwili kwa uthibitisho, kisha hunakili anwani, poti, saa na alama ya utambulisho wa faili. Kinachobaki ni mtoa huduma wa intaneti kuangalia kumbukumbu zake: saa ile, anwani ile ilikuwa kwa mteja gani?

Mtoa huduma naye ana jicho lake. Salamu ya kwanza ya BitTorrent huanza na baiti yenye thamani ya 19, kisha maneno “BitTorrent protocol” waziwazi. Mwaka 2007 ilibainika kwamba Comcast ya Marekani ilipenyeza pakiti bandia za kukata mawasiliano, kila upande ukidhani ni mwenzake aliyekata. Associated Press walipojaribu kusambaza Biblia ya King James, nayo ilikwama. Kusimba mawasiliano huificha salamu hiyo, ila hakumsaidii mtu ambaye anwani yake imo katika orodha ya kundi.

VPN huweka anwani ya seva yake mahali pa ile halisi, mradi kila kitu kipite katika handaki lake, yaani njia iliyosimbwa hadi kwenye seva hiyo. Handaki likikatika sekunde chache tu, kompyuta hurudia njia yake ya kawaida, na programu ya torenti, isiyojua kuchoka, hujitangaza upya kwa anwani ya nyumbani. VPN inayobeba IPv4 pekee huiacha IPv6 ipite kando. Maulizo ya DNS yakienda kwa mtoa huduma, humwonyesha jina la traka. Mwaka 2010 watafiti wa INRIA, Ufaransa, walionyesha pia kwamba baadhi ya programu zilizopitishwa kwenye Tor, mtandao wa kuficha utambulisho, ziliandika anwani halisi ndani ya ujumbe wenyewe wa kwenda kwa traka.

Swichi ya dharura ya VPN husaidia, lakini zile zinazosubiri mkatiko ndipo zichukue hatua huacha mwanya. Kinga imara zaidi ni kuifunga programu ya torenti kwenye kiolesura cha handaki. Katika qBittorrent, hilo hufanywa kwenye mipangilio ya juu, kwa kuchagua tun0 au wg0, au jina lolote ambalo VPN imelipa handaki lake, badala ya kuruhusu kiolesura chochote. Jaribio lake ni rahisi: faili halali, mathalani la kusakinishia Debian, lipakuliwe, kisha VPN izimwe katikati. Kasi isiposhuka hadi sifuri, programu haijafungwa.