Mpinzani Asiyepewa Zamu

Mwaka jana, kivulini pa mwembe huko Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, nilifungwa bao na mzee mmoja, nami ni mtu wa visiwani niliyekulia barazani. Tulikuwa tumekwisha kunamua, tumo katika mtaji. Nilikuwa na nafasi mbili za kula: shimo la kete saba, na shimo la kete mbili lililo kichwani. Nikala saba. Nikazisambaza, zikatanda safu ya mbele karibu yote, na ya mwisho ikalala. Kete za mbele ndizo ziliwazo; nilikuwa nimemwandikia karamu. Mzee akala mara tatu mfululizo.

"Umekula sana, mdogo wangu," akasema, "ila hukunizuia kula."

Shambulio jema humwachia mpinzani kutakata tu. Au, kwa kuwa kula ni lazima, humwachia mlo mmoja, ukawa umemchagulia wewe njia yake. Lakini ili uchague hivyo, sharti uuone ubao kwa macho yake.

Ihumwa nilifuata kumbukumbu ya Mathias Mnyampala, aliyezaliwa huko mwaka 1917 na kufariki 1969. Diwani yake ya 1963 naipenda tangu ujana. Ngonjera zake ndizo zinazonisumbua. Ni majibizano, lakini aliyekosea huja amefungwa mikono: huuliza, hujibiwa, hushukuru. Hoja yake kali hatuisikii kamwe. Muyaka wa Mombasa alijibiwa kweli, na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu, na jibu lenyewe lilikuwa na meno.

Nitaambiwa ngonjera ni za kufundishia, zilitumikia Azimio la Arusha la 1967. Nakubali nusu. Mwaka 1971, mshairi akiwa kaburini, Operesheni Dodoma iliwahamishia wakulima na wafugaji wa nyanda hizi vijijini. Hao walikuwa na hoja: malisho ya ng'ombe, mashamba yaliyo mbali, mvua haba. Mnyampala, aliyeandika historia na mila za Wagogo mwaka 1954, angeweza kuzitia kinywani mwa mpinzani kuliko mshairi yeyote wa pwani. Ujamaa ungelazimika kuzijibu, na ubeti ungepata nguvu.

Nilimsomea mzee ngonjera moja. Alisikiliza hadi mwisho, akiwa bado anapanga kete.

"Na yule mwingine," akauliza, "zamu yake lini?"