Uovu Ulianzia Wapi? Tafakari juu ya Mchezo wa Resident Evil 0

Katika sharika zetu wapo vijana wengi wanaocheza michezo ya video, na wapo wazazi wengi wanaotuuliza sisi wachungaji kama michezo hiyo ni dhambi. Mara nyingi anayeuliza hajakaa hata dakika kumi kuutazama mchezo wenyewe. Amri ya nane inatukataza kumsingizia jirani, na Luther anatufundisha kwamba amri hiyo hiyo inatudai tutafute kwanza upande mwema wa jirani kabla ya kumhukumu. Tunaona ni haki kazi ya mikono ya watu nayo ipimwe hivyo: yaliyo mema yatajwe, na yaliyopungua yatajwe.

Tumechagua mchezo mmoja tu, Resident Evil 0. Ulitengenezwa na kampuni ya Capcom ya Japani na kutolewa mwaka 2002, kisha ukatolewa tena mwaka 2016 ukiwa na picha zilizoboreshwa. Ni mchezo wa kutisha, ambamo mchezaji hupewa risasi chache, dawa chache na maadui wengi, na kazi yake ni kunusurika. Tena ni mchezo tangulizi. Resident Evil ya kwanza, ya mwaka 1996, ilihusu jumba la kifahari msituni lililojaa wafu wanaotembea. Huu wa 2002 unarudi nyuma siku moja kabla ya mkasa wa jumba lile, ili kutueleza mambo yale yalianzaje. Nchini Marekani umepangiwa watu wenye miaka 17 na kuendelea, na tungeomba wazazi waliheshimu hilo. Si mchezo wa watoto wa Kipaimara.

Hadithi yenyewe ni fupi. Rebecca Chambers, msichana wa miaka 18, ni mtoa huduma ya kwanza katika kikosi maalumu cha polisi. Usiku wa mvua anaingia katika treni iliyosimama msituni, na abiria wake wote wameharibiwa na virusi. Humo anakutana na Billy Coen, luteni wa zamani wa jeshi la Marekani, aliyehukumiwa kifo kwa kuua watu 23. Alikuwa akisafirishwa kwenda kunyongwa au kupigwa risasi, gari likashambuliwa, akatoroka. Pingu bado inaning'inia mkononi mwake. Wawili hawa, polisi na mfungwa, hawana njia ya kutoka isipokuwa kwa kusaidiana.

Hapa ndipo nguvu ya mchezo ilipo. Mchezaji anawaongoza wote wawili, akihama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Billy ana nguvu za kusukuma vitu vizito na anastahimili majeraha zaidi. Rebecca ni mdogo wa umbo, anapita pembamba, na ndiye anayejua kuchanganya dawa. Mara nyingi wanatenganishwa, mmoja yuko juu na mwingine chini, na kitu anachokihitaji huyu kiko kwa yule. Akifa mmoja wao, mchezo umekwisha kwa wote wawili. Mtume Paulo aliwaeleza Wakorintho kuwa maumivu ya kiungo kimoja ni ya mwili wote. Tumelihubiri somo hilo mara nyingi, na tunakiri kwamba kijana aliyecheza mchezo huu ameshalionja kabla hajatusikia.

Nguvu ya pili iko kwenye mizigo. Katika michezo iliyotangulia kulikuwa na masanduku ya ajabu: unaweka kitu katika sanduku la chumba hiki, unakikuta katika sanduku la chumba kingine. Hapa masanduku hayo yameondolewa. Kila mmoja ana nafasi sita tu za kubebea vitu, na silaha kubwa inachukua nafasi mbili. Ukichoka na kitu, unakiweka sakafuni, nacho kitabaki pale pale mpaka urudi kukichukua. Mzigo haupotei kimiujiza. Ama unaubeba wewe, ama anaubeba mwenzako.

Lakini wazo hilo jema limetumiwa kupita kiasi. Baada ya saa chache mchezaji anageuka kuwa mpagazi. Anarudi nyuma vyumba kumi kufuata kamba ya kupandia aliyoiacha, kisha anarudi tena kufuata risasi. Hofu inayeyuka, inabaki kazi ya kuhamisha vitu. Udhaifu mwingine ni ule unaozipata hadithi nyingi tangulizi. Anayeufahamu mchezo wa kwanza anajua tayari kwamba Rebecca atapona. Na tena, katika mchezo ule wa 1996 Rebecca ni msichana mwenye woga na asiye na uzoefu. Katika huu, usiku mmoja kabla, ameshapambana na majitu yanayotisha kuliko yote. Hadithi mbili za mtu mmoja hazikubaliani.

Hata hivyo, udhaifu mkubwa kuliko yote unahusu swali ambalo mchezo umejitwika wenyewe, yaani uovu ulianzia wapi. Jibu linalotolewa ni Daktari James Marcus, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Umbrella, aliyetengeneza virusi kwa kutumia ruba. Aliuawa na watu wa kampuni yake mwenyewe mwaka 1988, kisha ruba aliowafuga wakamrudisha akiwa na sura ya kijana, akaja kulipiza kisasi. Anaimba, anawaita ruba wake, na mwisho anatueleza mwenyewe kila kitu. Akishajieleza, hatishi tena. Uovu umepata anwani, jina na maabara. Ukichoma maabara, umemaliza. Sisi tunaofundisha habari za dhambi ya asili tunajua kwamba mambo si mepesi hivyo.

Cha ajabu ni kwamba mchezo huu ulikuwa na jibu zito zaidi mkononi, ukaliacha sakafuni. Jibu hilo liko Afrika. Billy anakumbuka kwamba kikosi chake kilitumwa katika nchi moja ya Afrika yenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, kushambulia maficho ya waasi. Askari wengi walikufa njiani kwa joto na kwa risasi. Wachache waliosalia walipofika, hapakuwa na maficho yoyote. Palikuwa na kijiji cha watu maskini. Kamanda hakutaka kurudi mikono mitupu, na wanakijiji wakauawa. Billy alijaribu kuzuia. Hatimaye lawama ikawekwa juu yake.

Hapo hapakuwa na virusi wala ruba. Palikuwa na aibu ya mkubwa, amri, utii, na ushahidi wa uongo baadaye. Huo ndio uovu tunaoufahamu kutoka katika Maandiko na kutoka katika habari za bara letu, nao umepewa dakika chache tu. Nchi ile haina jina. Kijiji hakina jina. Hakuna hata mmoja wa waliouawa anayesema neno. Afrika imetumika kueleza kwa nini askari mmoja ana huzuni. Sisi wasomaji wa Kiafrika hatuwezi kulipita jambo hilo kimya, kwa maana wale 23 wangeweza kuwa washarika wetu.

Tukija mwisho wa hadithi, tunaona neema na upungufu vikiwa pamoja. Alfajiri, kazi ikiisha, Rebecca anamwachia Billy. Anachukua kibati chake cha utambulisho na kuamua kuripoti kwamba amekufa. Hana hati ya mahakama inayomsafisha. Ana neno lake, na usiku mmoja wa kumwona akiwa mwaminifu. Aliyehukumiwa anahesabiwa kuwa amekufa, kisha anaondoka akiwa hai. Mlutheri hawezi kuitazama picha hiyo bila kukumbuka Ubatizo.

Lakini uhuru huo umenunuliwa kwa taarifa ya uongo, na kamanda aliyetoa amri hakuguswa. Jirani mmoja ameokolewa na shahidi wa uongo kwa uongo mwingine, na jamaa za waliokufa hawataujua ukweli kamwe. Msalaba wa Kristo haufanyi hivyo. Pale dhambi inatajwa waziwazi, na hapo ndipo mwenye dhambi anaachiliwa. Mchezo ungefika mbali zaidi kama Rebecca angeishuka ile njia ya mlimani akiwa amebeba, pamoja na kibati kile, jukumu la kusema kilichotokea kijijini.

Kwa hiyo tukiulizwa na mzazi, tunajibu hivi. Kwa kijana aliyefikia umri, mchezo huu una mafundisho ya kweli juu ya kubebeana mizigo na kumwamini mtu aliyekataliwa na wote. Juu ya asili ya uovu, unafundisha kidogo mno. Kaa naye, mwache akueleze Rebecca ni nani na Billy ni nani. Kisha muulize wale 23 walikuwa akina nani, na nani atawatetea.