Geuza Beji Uone Mgongo: Namna ya Kutambua Alama za Nguo za Askari wa Keya

Anayeanza kukusanya vitu vya vita huvutwa na uso wa beji: rangi, mnyama, herufi. Waghushi wanalijua hilo, ndiyo maana uso huupamba vizuri na mgongo wakauacha ovyo. Ukiletewa kipande cha nguo kinachosemwa kuwa cha askari wa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), kigeuze kwanza.

Huku Litapunga, na Mpanda kwa jumla, alama za kikoloni zinazoweza kutoka kwenye masanduku ya wazee ni za vita viwili. Za Vita Kuu ya Kwanza ni adimu mno: tepe nyekundu za askari wa Mjerumani, zilizoshonwa mkono wa kushoto, ombasha tepe moja, shaushi mbili, betshaushi tatu, soli nne. Muuzaji akikutandikia rundo la tepe hizo, aga uende zako. Za vita vya pili zina matumaini zaidi, na inayotafutwa sana ni beji ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki: kichwa cheusi cha kifaru, pembe zake zikionekana, juu ya umbo la yai la manjano. Divisheni hiyo iliundwa 1943, ikapelekwa Ceylon, na 1944 ikateremka bonde la Kabaw huko Burma, katika mvua na malaria, hadi Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba. Watanganyika walikuwamo katika batalioni za 26 na 36 za Keya.

Beji hizo hazikutoka kiwanda kimoja. Nyingine zilichapwa kwenye pamba, nyingine zikatariziwa, nyingine zikashonwa na mafundi wa sokoni huko Asia. Kwa hiyo usimkatae kifaru kwa sababu pua yake haifanani na ya kwenye picha. Vifaru kumi wanaolingana hadi uzi wa mwisho ndio wa kutiliwa shaka.

Sasa mgongo. Utarizi wa zamani huacha nyuzi zinazokatiza kutoka sehemu moja kwenda nyingine, mafundo, ncha zilizokatwa bila mpango. Utarizi wa mashine za kompyuta huwa nadhifu kupita kiasi, na nyuma yake utakuta kitambaa kigumu kisichofumwa, au utando wa gundi ya kubandika kwa pasi. Ukingo mnene uliozungushiwa uzi pande zote nao ni mtindo wa baada ya vita.

Ukiruhusiwa na mwenye mali, chomoa unyuzi mmoja tu mgongoni uuchome. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Sufu hunuka nywele zilizoungua. Poliesta huyeyuka ikaacha punje ngumu, na hapo mazungumzo yamekwisha: iligunduliwa Uingereza 1941, lakini ilifika madukani baada ya vita.

Wengi husifu taa ya zambarau, ile ya kukagulia noti. Uzi uliotiwa dawa ya kung'arisha hutoa mwanga wa samawati, na dawa hizo zilienea baada ya vita. Lakini hapa kwetu taa hiyo inaweza kumponza mtu mkweli. Beji halisi iliyofuliwa na bibi kwa sabuni ya unga miaka ya themanini itawaka pia. Angalia mwanga umekaaje: sabuni huacha mng'ao wa mabaka uliotapakaa kote, ilhali uzi mpya huwaka peke yake, vilivyo jirani vikibaki gizani.

Matundu nayo yana lugha yake. Nondo hula sufu. Pamba safi haimshibishi. Ukiambiwa kaki ya pamba imetobolewa na nondo, muulize muuzaji aliitoboa kwa nini. Mchwa ndio wanaokula pamba, nao huacha udongo kwenye nyuzi. Uzee wa kupikwa kwa chai huenea sawasawa hadi ndani ya mikunjo, wakati jasho na jua havifiki kila mahali.

Kifaru mmoja niliyeonyeshwa hapa kijijini alinifurahisha kwa hilo. Manjano yake yalikuwa yamefifia karibu yawe meupe, lakini chini ya upindo, upana wa ukucha tu, rangi ilikuwa kali kama siku ya kwanza. Pembeni palikuwa na safu mbili za matundu ya sindano, moja imenyooka ya cherehani, nyingine imepinda ya mkono: iliwahi kubanduliwa, labda kwa ajili ya dobi, ikarudishwa na mwenyewe. Kwenye kona, doa la kutu la pini. Hakuna mghushi anayejisumbua kiasi hicho. Familia haikuwa inauza, na sikuwabembeleza.

Hadithi ya familia isikilizwe, kisha ipimwe. Mtu akisema babu alikuwa batalioni ya 46 na kifaru ni chake, uliza zaidi, kwa sababu 46 ilikuwa chini ya Brigedi ya 28, iliyopigana nje ya divisheni ile. Inawezekana alihamishwa, kitabu chake cha kuachishwa kazi kitasema. Nyota ya Burma iliyolala kopo moja na beji haithibitishi kitu, maana haikuchongwa jina la askari.

Beji ukiipata, usiifue wala usiipige pasi. Jasho lililomo ni sehemu ya ushahidi.

Tena, haya yote yanahusu majeshi ya kikoloni. Sare na alama za Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), hata zikiwa za vita vya Kagera vya 1978 na 1979, si za mkusanyaji raia: sheria inakataza, na mwaka 2023 jeshi lilitangaza waliokuwa nazo wazisalimishe. Ukizikuta sandukuni, mshauri mwenye nyumba azipeleke kituo cha polisi au kambini, ninyi mwendelee na kifaru.